Mwanya Niliouziba

Mtaa wa Bahati, Jumapili alasiri

Mwende mwanangu,

Nisamehe kwa kuchelewa. Barua hii ilitakiwa kuandikwa mwaka jana, Jumapili ile baada ya roketi yenu kuanguka, nami nimekaa nayo moyoni mpaka leo umebakiza kulala mara moja tu nyumbani. Tunaishi chumba kimoja, tunakula sahani moja, na bado nimeona ni rahisi kukuandikia kuliko kukuambia. Hiyo peke yake ni aibu ya kutosha, lakini kuna aibu kubwa kuliko hiyo, nami nitaifikia. Usinikimbize.

Umeenda kanisani kuagana na kwaya. Mimi nimeketi juu ya sanduku lako la bati, maana halifungiki mpaka likaliwe, na karatasi nimeiweka magotini. Sitakuandikia habari za kula vizuri na kufua soksi. Hayo unayajua, na mengine ni wewe uliyenifundisha mimi. Watu wakituona pamoja sokoni hudhani sisi ni ndugu, na kweli nilikuzaa nikiwa na umri mdogo kuliko ulio nao leo. Mambo mengi tumejifunza pamoja, wewe ukiwa mbele.

Kazi yangu unaijua, umekulia ndani ya vumbi lake. Wanaume wanachonga, sisi wanawake tunapiga msasa na kung'arisha. Lakini kuna kipande cha kazi hiyo sikuwahi kukueleza vizuri, kwa sababu hakipendezi kuelezwa. Mbao ikikauka hupasuka. Twiga anatoka mikononi mwa fundi akiwa mzima, baada ya wiki ana ufa shingoni. Basi unachukua unga wa msasa wa mbao ileile, unauchanganya na gundi, unaushindilia ndani ya ufa kwa kidole gumba. Ukikauka unapitisha msasa laini, halafu unapaka rangi ya viatu. Mtalii anamgeuza twiga juu chini na haoni kitu. Mzee Kilonzo, msimamizi wetu, aliniambia siku ya kwanza nilipofika karakana, wewe ukiwa mgongoni kwangu: "Nduku, mchongaji husifiwa kwa kinachoonekana. Wewe utasifiwa kwa kisichoonekana." Sifa yenyewe hajanipa mpaka leo, lakini vidole vyangu vilijifunza. Vikipita juu ya kitu na kukuta mwanya, vinataka kuuziba. Siviulizi, wala vyenyewe haviniulizi.

Sasa rudi nami kwenye ile roketi.

Nakumbuka ulivyoingia na lile bomba la karatasi ngumu, lile linalozungushiwa vitambaa kiwandani, refu kama mpini wa ufagio. Nikasema, "Hilo tunaliweka wapi, mama? Hapa hata sisi hatutoshi." Ukacheka, ukasema ni la klabu ya sayansi, kwamba Mwalimu Odhiambo amewakubalia mjenge roketi ya majaribio, na kwamba wewe ndiye umeichora. Wewe! Mtoto aliyekuwa akilia gari la takataka likipiga honi.

Usiku na mchana ikawa ni roketi. Mabawa ya plaiwudi uliyakata kwa msumeno wa karakana. Mwavuli wa kuishushia chini ukaniomba gaguro langu la nailoni, lile jeupe la kuvaa chini ya rinda, nikalishona vipande vinane kama ulivyonichorea. Majirani wakapata la kusema pale bombani tunapoteka maji: "Mama Mwende, gaguro lako litafika mwezini kabla yako!" Nikawajibu kwamba litafika likiwa safi kuliko yao. Nilifurahi siku zile, Mwende. Sijui kama uliona. Sikuwa nimewahi kushona kitu ambacho hakivaliwi wala hakitandikwi.

Kichwa tulimpa Mzee Kilonzo. Ulitaka mjakaranda kwa sababu ni mwepesi. Alikichonga akinung'unika: "Nimechonga simba, nimechonga hata malaika wa kanisa. Sijawahi kuchonga pua ya kitu kisicho na uso." Lakini kilitoka kizuri, laini kama yai, na chini yake kishingo cha kuingia ndani ya bomba. Ukanieleza, na nilisikiliza ingawa ulidhani nachambua mchele tu. Roketi ikifika juu kabisa, baruti kidogo iliyobaki inasukuma hewa kutoka nyuma, kichwa kinachomoka, mwavuli unatoka, roketi inashuka polepole, mnaiokota na kuirusha tena siku nyingine. Hivyo ulivyosema. "Tena siku nyingine." Hukutaka ipae mara moja tu.

Ijumaa ile saa kumi ulikijaribu mbele yangu. Ukaligeuza bomba kichwa chini, ukalitikisa kidogo, kichwa kikaanguka chenyewe kitandani. Ukapiga makofi. Kisha ukakunja mwavuli, ukaufungia ndani na unga mweupe usishikane, ukakirudisha kichwa mahali pake na kuilaza roketi juu ya kabati. Ukaniambia, ukiniita mama kwa lugha ya kwetu, "Mwaitu, usiiguse sasa, iko tayari." Ukaenda kwa jirani kupiga pasi sare.

Nikaigusa.

Nilitaka kupangusa vumbi tu, nakuapia. Nilipokishika kichwa, kikacheza. Kikalialia, ka-ka-ka, kama jino la mtoto. Nikapitisha kidole kuzunguka na nikakuta mwanya, duara zima, mwembamba kama ukucha. Nikawaza: kesho kuna wazazi, kuna bwana mkubwa wa elimu anakuja kutazama, na mwanangu ataonyesha kitu kilicholegea kama kazi ya fundi mlevi. Nikawaza Mzee Kilonzo amezeeka, mkono wake haushiki kama zamani. Uliniambia kilitakiwa kucheza? Labda uliniambia. Uliniambia kinachomoka, nikasikia kinachomoka, lakini sikuunganisha kuchomoka na kucheza. Kwetu kinachocheza ni kibovu, kinarudishwa.

Nikatoa unga wa mjakaranda kwenye mfuko wa aproni, nao ulikuwa wa kile kichwa chenyewe. Nikatia gundi. Nikazungusha kidole gumba. Uliporudi na sare yako nilikuwa nakoroga ugali, na kichwa kilikuwa kimetulia. Asubuhi kabla hujaamka nikapitisha msasa laini na rangi kidogo. Hakuna jicho ambalo lingeona. Ile ilikuwa kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya.

Jumamosi tukaenda kule nyuma ya Njiru, kwenye uwanda kupita mashimo ya mawe. Nilibeba chai. Unakumbuka jua lile, na ng'ombe wa watu wakitutazama? Mwalimu Odhiambo aliishika roketi, akaizungusha, akasema, "Finishi kama ya dukani," na wewe ukanitazama ukitabasamu, kwa sababu ulijua ni mimi niliyeing'arisha. Lile tabasamu, Mwende. Ndilo lililonifunga mdomo baadaye. Laiti usingetabasamu.

Mlihesabu wote pamoja, wasichana kumi na tano mkipiga kelele, kumi mpaka moja. Ikaondoka! Nilidhani itakuwa kama fataki za Diwali kule Ngara, lakini hii haikuchezea njia, ilienda kama mtu anayejua anakokwenda. Rafiki zako wakawa wanaruka: "Cheki vile inaenda! Mwende, cheki!" Bwana mkubwa akavua miwani. Nami nikalia pale, kwa sababu kitu kilichotoka kwenye kile chumba chetu kilikuwa juu kuliko majengo yote ya mjini.

Halafu tukaona moshi mdogo kule juu, na kichwa hakikuchomoka. Ikageuka, ikaja chini vilevile ilivyopanda, moja kwa moja. Hatukusikia kishindo kikubwa. Ule udongo mweusi uliimeza tu.

Uliifikia wa kwanza. Mlipoichimbua bomba lilikuwa limekunjika kama mkono wa shati, na gaguro langu lingali limekunjwa ndani, jeupe, halijaguswa na hewa. Mwalimu akasema, "Kichwa kilikaza." Ukasema, "Ni mimi, Mwalimu. Nilikosea hesabu ya mwanya." Ulisema bila kulia, mbele ya watu wote, mbele ya bwana mkubwa ambaye alikuwa ameshaanza kutazama saa. Nilikuwa hatua nne kutoka hapo, na chupa ya chai mkononi.

Hatua nne, Mwende. Nimezihesabu mara nyingi sana tangu siku hiyo.

Nilikiokota kile kichwa nikakitia kiondoni. Mstari wangu wa gundi ulikuwa mzima kuzunguka nusu yake. Gundi ilishika kuliko mbao. Nilijiambia nitakuambia tukifika nyumbani. Tulipofika ulilala bila kula, nikajiambia kesho. Kesho ukawa na homa. Wiki ikapita, na kila siku jambo lilizidi kuwa zito, kwa maana sasa ningelazimika kueleza na kosa na kunyamaza kwangu. Akina dada wa karakana wakiuliza habari za roketi, nasema ilipasuka, mambo ya sayansi, mimi sijui. Nilijificha nyuma ya darasa la saba langu. Mtu akitaka kukimbia lawama, ujinga ni mahali pazuri sana pa kukaa.

Nikuambie na lingine, kwa sababu ni ugonjwa uleule. Unakumbuka rinda la njano la Krismasi ulipokuwa na miaka saba? Nilikuambia baba yako amelituma kutoka Mombasa. Ulilivaa, likakukaa kama limepimwa, ukaniuliza, "Baba amejuaje saizi yangu?" Nikageukia jiko. Baba yako hakuwa ametuma hata salamu, na hajatuma mpaka leo. Nililishona mwenyewe karakana saa za chakula. Nilidhani naziba ufa usiumie. Sasa naona ulijua, na ukabaki na mambo mawili ya kubeba, baba asiyekuwepo na mama asiyesema. Hukuuliza tena. Hicho ndicho ninachokumbuka, kwamba tangu siku ile hukuniuliza tena habari zake.

Basi ukaja mwezi ule wa kujaza fomu za chuo. Uliandika kwa penseli hisabati na fizikia, nikaona, kisha ukafuta. Ukaandika Kiswahili na historia. Nikakuuliza, "Mbona umefuta, mama?" Ukasema huku unacheka, kicheko kibaya, "Mathe, mimi na hesabu za vitu vinavyoruka tumeachana." Nilikuwa nachambua sukuma wiki. Ilikuwa nafasi yangu, mlango wazi kabisa. Nikasema, "Sawa, mama. Ualimu ni ualimu." Nikaendelea kuchambua.

Jumanne iliyopita, ukipanga sanduku, ukanirushia kile kijitabu chako cha roketi. "Washia jiko, Mwaitu." Sikukiwasha. Ulipoenda bombani nilikifungua. Mengi siyaelewi, lakini ule mchoro wa kichwa niliuelewa. Kuna mwanya umeuchora, na mshale, na namba. Juu ya ukurasa mzima umepiga mstari mwekundu kwa nguvu hadi karatasi imechanika, na chini yake umeandika maneno mawili tu: kosa langu.

Nilikaa na jiko halijawashwa mpaka uliporudi. Ulidhani nimeishiwa mafuta ya taa.

Alhamisi niliomba ruhusa kwa Mzee Kilonzo nikaenda shuleni kwenu. Mwalimu Odhiambo nilimkuta anafuta ubao. Nilikitoa kile kichwa kiondoni nikakiweka mezani, nikamwambia yote nikiwa nimesimama, maana nilijua nikikaa nitaanza kupunguza. Akakigeuza, akaupata ule mstari kwa ukucha. Kisha akasema, "Mama Mwende, mwaka mzima narudia hesabu za yule msichana. Sioni kosa. Nilifikiri ni unyevu, nikafikiri ni baruti yangu mimi. Nilimwambia hana kosa."

"Akasemaje?"

"Alidhani namfariji tu. Si unajua walimu, wanafariji." Akacheka kidogo, halafu hakucheka tena. "Mbona hukusema, mama?"

Niliogopa usingenitabasamia tena vile. Hakuna kingine.

Sasa nisikilize. Sikuambii uache Kiswahili na historia. Ukivipenda, vifundishe mpaka uzeeke, nami nitajivuna hapa Bahati mpaka wanichoke. Ila usivichague kwa sababu ya ukucha wa mwanya. Hesabu zako zilikuwa sawa. Roketi yako ilipaa, na ingeshuka salama kama mama yako asingeigusa pale kabatini. Mwalimu anasema huko chuoni masomo huandikishwa rasmi wiki ya kwanza, na mwanafunzi anaruhusiwa kubadilisha kabla ya Ijumaa. Ndiyo maana barua hii nitaiweka juu kabisa, chini ya kifuniko, siyo katikati ya nguo. Uamuzi ni wako. Mimi nilishaamua mara moja kwa niaba yako bila wewe kujua, na umeona.

Unaruhusiwa kunikasirikia. Kasirika kabisa, usinifichie. Ukiona huwezi kuniandikia mwezi huu, kaa. Lakini usiniambie si kitu. Nimeshaambiwa si kitu na mtu aliyekuwa anaondoka, na nilijua ni kitu.

Kuanzia kesho chumba hiki kitakuwa kikubwa. Nimeshajaribu kukizoea mchana huu, nikaweka kikombe kimoja mezani nione kinakaaje. Kinakaa vibaya. Jirani ameingia kuomba chumvi, akaniona nakitazama, akasema, "Wee Nduku, bado hajaenda na wewe umeshaanza?" Nikamwambia nafanya mazoezi. Kitanda chako sitakitoa, nitakiwekea nguo za kupiga pasi ili kisionekane kitupu. Unaona? Bado naziba. Itachukua muda kuacha.

Naisikia sauti yako pale bombani, unamtania mtu, kwa hiyo niharakishe.

Mwalimu ana wasichana wapya wa kidato cha tatu, na likizo ya Agosti anataka kuirusha tena, kwa mchoro wako, kulekule Njiru. Mbao amenipa Mzee Kilonzo. Nimemwambia safari hii nitachonga mimi, akaguna, akanikopesha patasi yake ndogo. Gaguro lipo, nililifua. Bomba jirani ameahidi. Kijitabu chako kimo sandukuni chini ya sweta ya kijani. Ningeweza kunakili hesabu mwenyewe kabla sijakifungia, lakini nimeshatia mkono kwenye kazi yako mara moja bila kuombwa. Nataka zitoke kwako. Kwa hiyo, ukiweza, na ukitaka, nitumie hivi:

Ule ukurasa wa kichwa, ulioandikwa upya kwenye karatasi safi, bila mstari mwekundu.

Urefu wa kishingo kinachoingia ndani ya bomba.

Uzito wa kichwa kikikamilika, nijue mbao kiasi gani nitoe.

Urefu wa kamba za mwavuli. Zile za kwanza nilizikata kwa kukisia na hukunisema.

Siku likizo yako inapoanza, kwa sababu Mwalimu amesema hatarusha mpaka uwepo.

Na upana wa ule mwanya. Uandike kwa namba, halafu uuandike tena kwa maneno, nisije nikasoma vibaya. Nitaupima kila asubuhi, na nitauacha wazi.

Mama yako,
Nduku